Bomba Lililoharibu Picha

Bomba liliondolewa kwa sababu lilikuwa baya. Hiyo ndiyo sababu niliyopewa, na mpaka leo sijaongezewa nyingine. Halikuwa limetoboka wala kuziba. Lilikuwa baya tu, mgeni rasmi alikuwa anakuja, na mgeni rasmi hawezi kupigwa picha huku bomba limechungulia nyuma ya kichwa chake.

Nieleze ni bomba gani, maana asiyejua anaweza kudhani nalilia pambo. Karakana yetu iko Mazwi, ndani ya jengo refu lililokuwa ghala la mahindi kabla halijapakwa rangi na kuitwa kituo. Tunaitumia kwa pamoja. Maseremala wako upande wa mlango mkubwa na randa zao, mafundi cherehani wako upande wa madirisha, wachora mabango wanahamahama na makopo yao wanavyotaka, na mimi niko kwenye kona na ngozi zangu. Natengeneza makobazi, mikanda, mikoba na majalada ya Biblia. Kati ya kona yangu na madirisha kuna mashine ya leza, ambayo ukiitazama ni kama friza la kulaza lenye kifuniko cha kioo. Ndani yake unapita mwali ambao jicho halioni, na mwali huo hukata ngozi kwa kuichoma. Unachora ua kwenye kompyuta, unalaza ngozi, unafunga kifuniko, na ua linatoka safi kuliko ambavyo kisu changu kingeweza.

Kinachochomwa hutoa moshi. Ngozi ikiungua inanuka kama kwato za ng'ombe motoni, na moshi wake si wa kukaa nao chumba kimoja. Ndiyo ilikuwa kazi ya bomba. Lilitoka nyuma ya mashine, nene kama paja la mtu, la rangi ya fedha, lenye mikunjo, likapanda ukutani hadi kwenye feni iliyotundikwa dirishani, na feni ikavuta moshi wote na kuutupa nje kwenye mabua. Nakiri halikuwa zuri. Lakini hata choo si kizuri, na sijawahi kusikia mtu amebomoa choo kwa sababu ya picha.

Anayehusika hasa katika habari hii ni wifi yangu. Ni dada wa mume wangu, fundi cherehani, na cherehani yake ilikuwa jirani na mashine ya leza kwa sababu dirisha lile ndilo lenye mwanga mzuri, na yeye hajawahi kuhama kwa ajili ya mtu. Tulianza vibaya, kama mawifi wengi. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu aliuambia ukoo mzima kwamba ugali wangu wa ulezi unaweza kujengea ukuta. Nami nikasema yangu kuhusu gauni alizoshona. Baadaye tukajikuta karakana moja, tunachangia chai na maandazi, na uadui ukachoka wenyewe.

Wifi ana pumu tangu utotoni. Na bado ndiye anayeimba sauti ya kwanza katika kwaya ya kigango chetu. Sijui vitu hivyo viwili vilipatanaje ndani ya kifua kimoja, lakini vilipatana. Alikuwa na sauti iliyoanza chini, kama mtu anayejisemea, kisha ikapanda bila kujikaza mpaka watu wazima waliokuwa wamesinzia kanisani wakaketi vizuri. Akiwa anashona aliimba pia. Maseremala walizima mashine ya msumeno wakajifanya wanapima mbao, kumbe wanasikiliza. Mwaka huo bomba lilipoondolewa, kwaya za vigango zilikuwa zikutane Kaengesa, na wimbo waliouandaa ulimtegemea yeye peke yake kwa ubeti mzima. Alikuwa anaufanyia mazoezi pale pale, huku anapiga pindo za sare za shule.

Kwa hiyo ninaposema bomba, ninasema kifua cha wifi yangu. Tulikuwa na makubaliano. Sikuwasha mwali kabla feni haijawaka na mimi sijaweka karatasi kwenye tundu la kuvutia hewa nikaiona imenasa. Siku upepo ulipogeuka na kuurudisha moshi ndani, nilizima, yeye akatoka kuota jua. Mashine ikikata, sikuondoka. Sikuenda kununua karanga, sikujibu simu, kwa sababu ngozi inaweza kushika moto chini ya kile kioo wakati mtu anapiga soga. Ngozi yenyewe niliilowanisha kidogo, nikaibandika karatasi ya gundi juu ili masizi yasiichafue, nikaikata kwa mwali mdogo mara mbili badala ya mwali mkali mara moja. Watu waliniona mtu wa mikogo. Wengine walisema naitendea mashine kama maiti ya chifu.

Mambo hayo niliyajua kwa sababu nilipelekwa mafunzo Mbeya. Mwenyekiti wetu naye alipelekwa. Alihudhuria ufunguzi na ufungaji, na katikati sikumwona, ingawa kwenye picha ya pamoja amesimama mbele, karibu na mkufunzi kuliko mtu yeyote. Cheti chake ni kama changu, ila chake kina fremu.

Mwenyekiti ni mtu wa makamo, mstaafu wa ofisi fulani, na katika karakana anahesabiwa upande wa maseremala japo sijamwona akishika msumari. Kazi yake ni vikao. Ana koti la suti la kahawia ambalo analivaa hata kukiwa na jua, na neno lake kubwa ni changamoto. Paa likivuja ni changamoto. Mtu akikatwa kidole na msumeno ni changamoto. Nadhani hata siku ya kiyama atasimama kando ya ziwa la moto na kuliita changamoto ndogo ya joto.

Mimi na yeye tulishaanza kukwaruzana kuhusu ngozi za bandia. Watu wa mjini walikuwa wanakuja na vipande vya ile ya kuvalishia makochi, wanataka nikate majina ya harusi. Mimi nilichukua waya wa shaba, nikaushika kwa koleo, nikaupasha mpaka ukawa mwekundu, nikaugusisha kwenye kile kipande, kisha nikaurudisha kwenye moto. Moto ukigeuka kijani, hiyo ni plastiki yenye klorini. Ukiichoma kwa leza inatoa hewa inayounguza macho, koo na mapafu, na ikimalizana na watu inaanza kula chuma cha mashine. Nilimrudishia mwenyewe mali yake nikamwambia akaikate kwa mkasi. Ngozi za kiwandani nazo sikuzikubali zote. Zile zilizolainishwa kwa dawa za kromu, ambazo ukizikata pembeni unakuta ndani zina rangi ya kijivu inayoelekea bluu, nilizikata kwa kisu tu. Kwenye mashine niliweka ngozi zinazotoka Milepa, ambako kuna mzee anazilainisha kwa magome ya miti, na ambazo najua zimekula nini na zimelala wapi.

"Unafukuza wateja," Mwenyekiti aliniambia.

"Nafukuza sumu, Mwenyekiti."

"Kila kitu kwako sumu. Watu wamekalia makochi hayo miaka yote, hakuna aliyekufa."

"Wameyakalia. Hawakuyachoma wakayavuta."

Akacheka akawaangalia wenzake, kwa namna wanaume wanavyoangaliana mwanamke anapokuwa na jibu.

Mashine ile ilikuwa imefanya kazi tangu mwaka uliotangulia. Mikanda ilishauzwa, makobazi yalishachakaa miguuni mwa watu. Lakini kwetu kitu hakihesabiwi kuwa kipo mpaka kizinduliwe. Ikaja habari kwamba mgeni rasmi atakuja kuizindua, na kuanzia siku hiyo karakana ikaacha kufanya kazi ili ionekane inafanya kazi. Kikaundwa kikundi cha chakula, kikundi cha mapambo na kikundi cha itifaki. Ukuta wa upande wetu ukapakwa rangi ya bluu bahari, ukachorwa nembo kubwa ya mikono miwili inayoshikana. Cherehani zikasukumwa stoo ili nafasi ipatikane ya viti. Wifi alihama kwa mara ya kwanza maishani mwake, na alihama ananung'unika.

Ndipo nikafika asubuhi moja nikakuta bomba halipo. Tundu la dirishani lilikuwa limepigiliwa ubao, na ubao umepakwa rangi ileile ya bluu. Bomba lenyewe nilikuta limekunjwa nyuma ya jengo, karibu na madebe.

"Limepita katikati ya nembo," Mwenyekiti alisema. "Mpiga picha amekuja kupima, anasema linaharibu. Na upepo ulikuwa unaingia pale, wewe mwenyewe unajua baridi ya Julai. Mgeni anatoka kwenye joto."

"Sasa moshi utapita wapi?"

"Ni kitendo cha dakika tatu, fundi. Tukishapiga picha tunalirudisha."

Alikuwa pia ameleta ngozi ya tukio. Kwa maoni yake ngozi zangu za Milepa zilionekana za kizamani, na mgeni alistahili kitu cheupe. Akafungua karatasi, akanionyesha kipande kinachong'aa kama sahani, akasema aliyemuuzia dukani kamhakikishia ni ngozi ya Italia. Nilikata ukingo mdogo, nikapasha waya mbele ya macho yake. Moto ukawa kijani kibichi cha kuvutia kabisa.

Alitazama ule moto kama mtu anayetazama kiini macho. "Inaweza kuwa waya wako," alisema.

Nilikasirika, na nikikasirika huwa siongei kwa upole. Nilimwambia kwamba bila bomba sikati hata unywele, na kwamba kitu kile cheupe hakitalala ndani ya mashine hata bomba likirudi. Nikamwambia kuna mtu mwenye pumu ndani ya chumba hiki. Alikunja karatasi yake, kisha akaniuliza kwa sauti ya kubembeleza kama hakuna njia nyingine, maana ratiba ilishatumwa na kwenye ratiba mgeni anabonyeza kitufe.

Njia ilikuwepo. Mashine ina taa ndogo nyekundu ya kuelekezea, na ina swichi ya kuzima mwali huku mkono wake ukiendelea kutembea. Nikamwambia tulaze kipande cha ngozi yangu ambacho nitakuwa nimekikata mapema, bomba likirudishwa kwa muda. Mgeni abonyeze, mkono utembee, taa nyekundu ipite juu ya ua, kifuniko kifunguliwe, ua litolewe. Hatatofautisha. Mwenyekiti alifurahi mno. Alinipongeza kwa ubunifu. Akawaamuru vijana warudishe bomba nikate lile ua, wakalirudisha, nikakata, wakalitoa tena. Nikazima swichi ya mwali kwa mkono wangu, nikamwonyesha wifi, naye akaridhika. Usiku huo tulicheka naye nyumbani kwamba tutamfanyia mtu mzima mazingaombwe na atapigiwa makofi.

Siku yenyewe ilikuwa na upepo wa Ufipa uliokamilika, ule unaoingia kwenye koti kupitia vifungo. Wanawake wa karakana tulishonewa vitenge vya namna moja tukapangwa getini kupiga vigelegele. Kwaya ya kigango ilialikwa kuimba, na waliiweka ndani, mbele kabisa, kando ya mashine, ili wimbo uanze mgeni anapobonyeza kitufe. Mimi nilipewa sinia lenye zawadi, mkoba wa ngozi nilioushona mwenyewe. Nilipotaka kuingia na msafara, mtu wa itifaki akanizuia kwa mkono.

"Zawadi haiingii kabla ya kuitwa," alisema.

"Mimi ndiye ninayeijua mashine."

"Utaitwa, dada. Subiri uitwe."

Wakaingia, wakafunga mlango mkubwa kwa sababu ya upepo, na mimi nikabaki nje na sinia langu kama mhudumu wa harusi. Nilisikia utambulisho, nikasikia risala, nikasikia mgeni akisifu rangi ya ukuta. Nikasikia makofi. Kisha sauti ya wifi ikaanza, ile ya chini, peke yake, na wenzake wakiwa bado kimya. Ilipanda. Nakumbuka niliwaza kwamba Kaengesa watakoma.

Halafu ikakatika. Haikushuka, haikukosea. Ilikatika katikati ya neno, na baada yake kikaja kikohozi cha watu wengi kwa pamoja.

Sinia sikulitua, nililiacha lianguke. Nilipofungua mlango nilikutana na watu wanaotoka na harufu ambayo si ya kwato, harufu kali ya dawa ya kusafishia vyoo. Chini ya kioo cha mashine mwali ulikuwa unafanya kazi kwa bidii, na chini yake umelala ule weupe wa Italia, unachemka ukingoni. Nilizima umeme wote ukutani, nikavua kitenge cha kujifunika nikaziba pua, nikampata wifi ameinama na mikono magotini mahali palepale alipokuwa amesimama kuimba. Wengine walikuwa wamevuta hewa ile kwa pumzi ya kawaida ya mtu anayesikiliza hotuba. Yeye alikuwa ameivuta kwa tumbo na kifua, kama alivyofundishwa, mara baada ya mara, ili ubeti utoshe.

Tulimburuta nje mimi na seremala mmoja. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Dawa yake ya kuvuta huwa kwenye droo ya cherehani, na cherehani ilikuwa stoo, chini ya cherehani nyingine, nyuma ya makopo ya rangi, kwa ajili ya unadhifu. Nilizipindua zote. Nilipoipata na kurudi alikuwa hawezi hata kuivuta vizuri, akawa anairudisha nje pamoja na makohozi.

Gari lilikuwepo, lakini ni la mgeni rasmi, na watu wake walikuwa wanamwingiza haraka kana kwamba ni yeye anayekufa. Mwenyekiti alikuwa anakimbia kando ya gari lile, koti la kahawia linapepea, anagonga kioo. Nilidhani anaomba lifti ya mgonjwa. Nikamnyooshea mkono nikaita. Alikuwa na ule mkoba wangu mkononi, ameuokota mavumbini, anataka mgeni asiondoke bila zawadi.

Sijawahi kumdharau mtu kama nilivyomdharau mwanamume yule dakika ile, na nimeishi na watu wengi. Tulimpakia wifi kwenye pikipiki ya seremala, mshikaki, yeye katikati na mimi nyuma nimemkumbatia asianguke, na kwenye mgongo wake nilihisi kila pumzi inavyotafuta njia na kuikosa.

Hospitali walimwekea hewa ya mtungi, wakamchoma sindano, wakamlaza. Hakufa. Namshukuru Mungu na wauguzi wale, na simshukuru mwingine yeyote. Daktari alipotuita alisema mirija imeungua na koo limeungua, kifua kitatulia kwa dawa, lakini kuhusu sauti hakutaka kuapa. Inaweza kurudi. Inaweza kurudi nusu. Mume wangu, ambaye tangu utotoni hakuwahi kumsifu dada yake mbele za watu, alitoka nje akalia nyuma ya jengo la wodi, akidhani simwoni.

Baadaye nilijua kilichotokea. Mwenyekiti alipoona kipande changu cha Milepa ndani ya kioo, na mpiga picha yuko tayari, moyo ukamkataa. Kilikuwa cha rangi ya udongo, hakikuwaka kwenye kamera. Akakitoa, akaweka cheupe chake. Na kwa kuwa cheupe kilikuwa hakijakatwa ua, ikabidi kikatwe kweli, kwa hiyo akawasha swichi ya mwali. Sikujua kama anaifahamu. Kumbe miezi yote ile alikuwa akinitazama kwa mbali ninavyofanya kazi, na katika yote niliyoyafanya, karatasi ya kupima hewa, waya wa shaba, kusimama bila kuondoka, alichojifunza ni kuwasha.

Kikao kiliitishwa. Alieleza kwamba palitokea changamoto ya hewa, iliyosababishwa na umati, pamoja na kuyumba kwa umeme. Nilisimama nikampa vidonge vyake mbele ya wote, nikalitaja bomba, nikautaja ubao wa bluu. Watu wengi walitazama viatu vyao. Mmoja akasema kwa upole kwamba tusilaumiane, tumshukuru Mungu mgeni hakupata madhara. Wakapiga makofi kwa maneno hayo. Nilitoka, nikachukua nyundo ya maseremala, nikang'oa ule ubao, nikarudisha bomba kwa mikono yangu. Lilikuwa limebonyea, na linapita katikati ya nembo hadi leo.

Wifi alirudi nyumbani akakaa kwetu, kwa kuwa mimi ndiye niliyejua dawa zake. Alipona kwa namna ya watu wanaopona. Alitembea, akapika, akausema ugali wangu tena, lakini aliusema kwa mnong'ono. Kilichotoka mdomoni kilikuwa hewa yenye maneno ndani yake. Kwaya zilikutana Kaengesa akiwa katika hali hiyo. Ubeti wake aliuimba mwanamke mwingine, mtu mwema, alijitahidi. Wifi alikaa nami kwenye mabenchi ya waumini, mahali ambapo sijawahi kumwona akikaa. Midomo yake ilifuata wimbo wote. Nilimshika mkono na hakuutoa.

Wiki chache baadaye Mwenyekiti alikuja kumjulia hali. Alikuja na koti lake, na sukari kilo mbili ndani ya mfuko wa karatasi. Nilitaka kumjibu kutokea dirishani, lakini wifi alinikata jicho, maana mgeni ni mgeni. Akamkaribisha kiti, akamwamkia kwa ule mnong'ono.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Naona umenawiri."

Akazungumzia bei ya mbolea, akazungumzia mvua. Akanywa chai yote. Kisha akajisogeza kwenye ukingo wa kiti, uso wake ukawaka, akasema ana habari njema. Mgeni rasmi amekubali kuja tena, kwa kuwa mara ile uzinduzi haukukamilika.

"Na bomba?" niliuliza.

"Bomba litakuwepo. Tumejifunza. Tutalifunika kwa kitambaa, kikundi cha mapambo kimeshalipima."

Nilikuwa natafuta neno la kuanzia, lakini hakuwa amenijia mimi. Alimgeukia wifi.

"Jambo lililonileta hasa ni ule wimbo. Mgeni aliuulizia. Anasema ulimgusa, alisikitika haukuisha. Sasa tukaona, heshima hiyo asipewe mwingine. Hebu nijaribie kidogo nisikie, tujue pa kuanzia."

Ningemwambia aondoke. Lakini wifi, kwa adabu aliyolelewa nayo, ile adabu ya kutomnyima mtu mzima alichoomba akiwa ndani ya nyumba yako, aliweka kikombe chini, akanyoosha mgongo, akavuta pumzi kama kwenye mazoezi, akafungua mdomo. Hakuwa amejaribu kuimba tangu siku ile, hata akiwa peke yake. Najua kwa sababu nyumba yangu ni ndogo.

Kilichotoka ni upepo. Alikaza shingo, mishipa ikasimama, macho yakajaa, na ukatoka upepo tena, na mwisho wake mkwaruzo mdogo kama wa mlango. Alikuwa anatutazama mimi na yeye kwa zamu, na usoni mwake niliona kwamba hata yeye alikuwa bado anatumaini mpaka dakika ile.

Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa kuridhika, akapiga goti lake kwa kiganja.

"Inatosha kabisa," alisema. "Tutakuwekea kipaza sauti."

Mimi nilikuwa na maneno ya kututosha wote wawili, nilikuwa nimeyatunza tangu getini na lile sinia. Wifi hakuniachia nafasi. Aliinuka, akachukua ule mfuko wa sukari mezani, akauweka mapajani mwa Mwenyekiti, akaenda kumfungulia mlango, akasimama pale ameushika mpaka alipotoka.